Nyaya za Mama Esther

Kitendawili! Najua mmeitika huko mliko, wasikilizaji wapendwa. Mwanangu hana mfupa hata mmoja, lakini akishikwa mkono anapanda ukuta. Nani huyo? Mmeshindwa? Haya, nipeni mji. Nimekwenda Newala, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Ni mpesheni.

Leo tunamkumbuka aliyepanda mpesheni mmoja hapa Newala: Paulina, Mama Esther. Alitutoka Machi mwaka huu, mvua bado nzito.

Aliupanda chini ya dirisha la chumba chake, kwenye ukuta wa mawe usiopigwa lipu. Maji yetu mnayajua yalivyo ya shida. Aliunywesha maji ya kuoshea vyombo.

Mumewe, Mzee Zabroni, ndiye fundi wa kufunga nyaya za mimea itambaayo. Kuta za mawe toka Chidya hadi Tandahimba zimeonja nyundo yake. Huchimba kwa tindo kati ya jiwe na jiwe, hupigilia kigingi kikavu kilicholowekwa mafuta ya maganda ya korosho, mchwa wasikiguse, kisha hukaza waya. Mafuta hayo yamemchuna vidole. Na ana sharti moja: kigingi hupigiliwa kiangazi. Mvua ikija, mti unavimba, unang'ang'ania jiwe. Ukikipigilia ukuta umelowa, jua likiwaka kinasinyaa, kinachomoka. Kiangazi tu, wasikilizaji.

Bi Hamida, jirani na mtani wake, hakumwacha. "Fundi wa watu! Kuta za wenzio zimevaa, wa kwako uko uchi!"

"Ngoja jua, wewe mdomo cherehani!"

Januari Mama Esther akalala mgonjwa, hakuinuka tena. Mpesheni wake ukawa unatambaa topeni.

"Baba Esther, nifungie nyaya zangu. Nataka nione ua likichungulia dirishani."

"Kiangazi, Mama Esther. Sasa vigingi vitachomoka."

"Vichomoke. Wewe piga tu."

Zabroni alitoka na nyundo. Akagusa ukuta, mawe yanatiririka maji. Akairudisha nyundo kikapuni. Mkewe akageukia upande wa pili.

Siku ya maziko, binti yao Esther alimwuliza mbele ya watu: "Baba, mama alikuomba kitu kimoja tu. Kwa nini hukumfungia?"

Zabroni akainamisha kichwa. Matanga yakaisha hajajibu. Esther akarudi kwa mumewe Masasi, na simu za baba yake hakupokea tena.

Mzee Zabroni, Esther, ukoo mzima, poleni sana. Tunalia nanyi. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mgonjwa ndani, punguza sauti yangu, nenda kamwulize anataka nini. Leo, si kesho.

Esther ametusimulia kwamba alikuja kwa arobaini, jua limeshaanza kuwaka. Alimkuta baba yake peke yake ukutani, anapigilia vigingi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Esther akaushika mpesheni, akauinua kutoka chini, akamsogezea. Zabroni hakugeuka.

"Ningepiga siku ile, mwanangu, ningekuwa nimekubali kwamba hafiki kiangazi."