Walipomfuata Fundi Saa

Benchi letu liko mbele ya duka la kinyozi, na kinyozi mwenyewe ni mimi. Asubuhi hiyo tulikuwa watatu: mimi, Dereva mstaafu, na Redio, ambaye akishaanza kusema hazimiki. Wa nne wetu, Fundi Saa, jana alitolewa chumbani kwake kafunikwa shuka. Watu wa usalama walipovunja mlango walikuta ameshakunywa sumu. Miaka kumi na moja tumekunywa naye kahawa, kumbe ndiye yule kamanda aliyemaliza vijiji vizima kwenye vita vya ng'ambo ya mpaka. Usiku kucha sikupata usingizi.

— Mimi nilimshtukia zamani, akaanza Redio.

— Acha fiksi! Umshtukie, halafu kila siku umpishe kiti? Dereva akamkata.

— Na yule mteja wa saa ya dhahabu je? Kaileta mara nne, na saa yenyewe haina ubovu! Alikuwa anatafuta alama za vidole yule.

— Basi hata mama wa kahawa jasusi, Dereva akamdhihaki. Vikombe akishavikusanya anavipeleka wapi?

— Kwake, kuviosha, nikasema.

— Umemwona? Redio akanikazia macho. Na nikwambie, aliyefunikwa shuka si Fundi. Mwenyewe saa hizi yuko kwenye ndege.

— Jana niliitwa kumtambua. Ni yeye.

Wenzangu hawakujua kwamba Jumanne mtu alinionyesha picha ya Fundi Saa, nikaapa simjui. Kijiweni kwetu hatuchomeani kwa watu wa nje, wala hatuulizani ya nyuma. Jioni nikamtonya mwenyewe kwamba kuna anayemuulizia, nikidhani ni ugomvi wa mke aliyemtelekeza. Mungu anisamehe, mimi ndiye niliyempa nafasi ya kunywa ile sumu.

Mara akaja mama mmoja, mkoba kaukumbatia kifuani.

— Habari zenu, kaka zangu. Ndio nyinyi mliokuwa mkikaa naye?

— Ndio sisi, dada. Karibu ukae, akasema Dereva.

— Sikai. Baba yangu na kaka zangu wawili aliwapakia kwenye lori, hawakurudi. Waliokuwa wakimsaka waliniahidi wakimpata hai watamuuliza. Sasa nimebaki na nyinyi tu. Miaka yote hiyo, hakuwahi kutaja alikowazika?

Redio akasimama kumpisha kiti; hakukitazama.

— Hata jina la mto? Hata shamba? yule mama akanigeukia mimi.

Kila wiki nilikuwa namnyoa Fundi Saa, shingo yake mkononi mwangu, tukiongea mpira tu.