Kufuli la Kobe

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kifunguamimba weka simu hiyo chini, mkutano wa kampuni hautakufa kwa nusu saa, anayekufa ni mimi. Nyumba mmeshaigawana kwa macho tangu Jumatatu, nimewaona mkipima sebule kwa hatua, basi sikilizeni nisije nikarudia: nyumba ni yenu watatu, haiuzwi, dada yenu akae chumba cha mbele na cherehani yake, na mdogo wenu akome kusema aliniuguza peke yake. Hayo yamekwisha. Nilichowaitia ni kampuni.

Najua mmechoka na habari za kampuni ya umeme. Chokeni mara ya mwisho. Nilipoajiriwa ilikuwa jenereta moja tu nyuma ya kiwanda cha mbao, na mwenye kiwanda akiwauzia majirani umeme uliobaki misumeno yake ikishashiba. Serikali ikaichukua, nguzo zikapakwa bluu. Ikaja bodi, zikapakwa kijani. Kisha wakaikata vipande vitatu, huyu azalishe, huyu asafirishe, huyu atume watu wa kutukatia, kila kipande na mkurugenzi wake na gari lake, na nguzo ni zile zile zinazoliwa na mchwa. Haya, na feni imesimama tena. Msinitazame mimi, nilishastaafu.

Katika majina yote hayo, kitu kimoja hatukukibadilisha. Fundi wa laini, kabla hajapanda nguzo, alizima swichi kubwa pale stesheni, akaifunga kwa kufuli lake lenye jina lake, akapanda na ufunguo mfukoni. Ufunguo ulikuwa mmoja tu. Hata meneja hakuruhusiwa kuligusa kufuli la mtu mpaka mwenyewe ashuke.

Rafiki yangu tulimwita Kobe, kwa sababu hakuna aliyeweza kumharakisha. Siku ya kuizindua bodi, mgeni rasmi alikuwa abonyeze kitufe, taa za barabara mpya ziwake, saa nne asubuhi. Taa za barabarani, na jua hilo! Mpaka leo sijaelewa. Kobe alikuwa akimalizia nguzo ya mwisho, na mimi nilikuwa zamu kwenye swichi. Meneja akapiga simu mara tano, bendi imechoka, mgeni amesimama. Nikatoka mlangoni, nikatazama, turubai la sherehe limeziba nguzo, sikumwona mtu. Nikajiambia ameshashuka, amesahau kufuli lake. Kobe asahau! Nilikuwa naye miaka kumi na moja, hajasahau hata kijiko. Nikachukua msumeno wa chuma nikalikata.

Taa ziliwaka, watu wakapiga makofi. Kobe alikuwa bado juu.

Ripoti iliandikwa siku hiyo hiyo: fundi alipanda bila kufunga swichi. Meneja aliandika, mimi nikatia sahihi. Akaniambia kufuli nilitupe mtoni, nami nikalitia mfukoni. Mjane akatolewa nyumba ya kampuni kabla ya mwezi kwisha, eti marehemu alijitakia, na mimi nikafanywa msimamizi, cheo kilichowasomesha ninyi. Nyamaza, binti yangu, utalia nikimaliza.

Mfukoni mwa Kobe ulitoka ufunguo. Miaka ishirini na tisa mama yule anauleta pale ofisini, ameufunga kwenye leso, anawaambia, "Mume wangu alifunga." Nanyi wa ofisini mkampa jina, Mama Ufunguo. Wewe kifunguamimba ulitusimulia hapa hapa mezani, unacheka, kwamba yule bibi mwenda wazimu amekuja tena. Niliinuka nikanawa mikono.

Sasa inama, chini ya kitanda kuna kopo la rangi, kufuli limo ndani. Wewe, si dada yako. Upindo wake umekatwa lakini tumbo ni zima, na kila mwaka nimelitia mafuta ili ufunguo usigome. Ushujaa wangu wote ulikuwa huo, kutia mafuta. Mficha uchi hazai, nami nilificha nikawazaa kwenye uongo.

Unasema nini? Kwamba mwezi ujao wanakuteua kuwa meneja? Najua, ndiyo sababu nakutuma wewe. Mdogo wako angeishia kwa mlinzi getini.

Nenda kwa mama yule, nyumba ya bati nyuma ya soko, umwamkie kwa adabu, uwaite watoto wake wote wasikie. Usimfungulie. Mwache autie ufunguo mwenyewe, augeuze, asikie mlio. Kisha mwambie nani alikata. Ukitoka hapo, nenda ofisini, itoe ile ripoti, na palipoandikwa kosa lake andika langu, jina kamili. Wakikunyima umeneja kwa hilo, rudi ulale, utalala vizuri kuliko nilivyolala mimi.

Nipeni maji... kidogo tu. Pendaneni. Msikatishane maneno. Radhi yangu mnayo, binti yangu, na wewe mdogo wao... Mungu awatunze na awape watoto wasiowaogopa. Na yako, kifunguamimba... yako imo humo kwenye kopo.

Kopo limefunguka? Sisikii vizuri. Shika kwa mikono miwili... ndiyo. Maisha yangu yote nimeijutia haraka ile, leo tu... leo nakuharakisha. Nenda, baba yangu. Usingoje umeme urudi.