Mama Ratiba, Aliyerudisha Kombe

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi, Katibu wa Ratiba wa Ligi ya Michezo ya Vyuo anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake kamili limo kwenye barua ya kustaafu, lakini tukilitangaza ukumbini, nusu ya waliohudhuria watauliza ni nani huyo. Kwa vyuo vyote tisa, kuanzia wakuu wa vyuo hadi wanaopiga chokaa mistari ya viwanja, yeye ni Mama Ratiba.

Aliajiriwa kama mpiga chapa, kwa mkataba wa miezi mitatu. Ligi wakati huo ilikuwa na vyuo vinne, mipira sita na ugomvi usio na idadi. Ofisi aliyopewa ndiyo hiyo hiyo anayoiacha: chumba kilicho chini ya ngazi za Chuo cha Ufundi, ukuta mmoja na stoo ya vifaa, ndiyo maana barua zetu zote hunuka mpira mpya. Wanafunzi wakishuka kwa kishindo, vumbi humdondokea mezani. Yeye hufunika karatasi zake kwa kitambaa, akangoja wapite, akaendelea.

Ratiba huipanga kwa penseli nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, kisha hupiga simu kila chuo mara tatu: ya kuuliza, ya kuthibitisha, na ya kukumbusha siku moja kabla ya mechi. Sisi makocha tuliicheka sana hiyo simu ya tatu, mpaka alipougua wiki moja na msaidizi akaona mbili zinatosha. Timu za soka za vyuo vya Kilimo na Biashara zikapishana barabarani, kila moja ikienda kuwa mgeni wa mwenzake. Madereva wakapungiana mikono. Kilimo walifika wakakuta uwanja una mbuzi wanne tu, na kocha wao akadai apewe ushindi dhidi ya mbuzi.

Mkubwa ni jaa, na kila taka ya ligi ilitupwa kwake. Mvua ikinyesha, kosa lake. Basi likipasuka gurudumu, kosa lake. Kocha wa Biashara, tunayemwita Filimbi kwa sababu akiongea hahitaji kipaza sauti, aliwahi kumpigia simu kumlaumu kwa upepo uliopeleka mpira nje. Mama Ratiba alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia upepo utaandikiwa barua. Na ndiye huyu huyu aliyepigania netiboli iwe ligi kamili yenye kombe lake, wakati ilikuwa ikichezwa kuwaburudisha watu mapumziko ya soka. Wasichana wetu wengi hawajui kwamba jambo hilo lilimchukua vikao sita na kutupiwa maneno ya kila aina.

Lakini linalomweleza kuliko yote ni la miaka kumi na miwili iliyopita. Mimi ni kocha wa netiboli wa Chuo cha Ualimu, kwa hiyo nami nimo kwenye kisa hiki.

Kwa desturi yetu, kwenye fomu ya matokeo jina la chuo mwenyeji ndilo huandikwa juu. Msimu ule uwanja wa Chuo cha Uuguzi ulijaa maji, mechi yao na Kilimo ikahamishiwa Kilimo. Mwamuzi akaandika ilivyopasa: Kilimo juu, mabao 31, Uuguzi chini, mabao 28. Mama Ratiba aliizoea mno ratiba yake, na kwenye ratiba wenyeji walikuwa Uuguzi. Akaiingiza ile 31 ya juu kwa Uuguzi. Kilimo walikuwa wanashika mkia, hawakuwa na hamu ya kutazama msimamo. Msimu ulipokwisha, Uuguzi walikuwa na pointi 26, sisi Ualimu 25. Kombe likaenda Uuguzi, na nahodha aliyelinyanyua alikuwa binti wa Mama Ratiba, akiwa mwaka wake wa mwisho chuoni.

Wiki mbili baadaye, akifunga msimu, Mama Ratiba alisoma upya kila fomu kabla ya kuiweka kabatini, kama afanyavyo kila mwaka. Akaliona kosa. Siku hiyo kombe lenyewe lilikuwa nyumbani kwake juu ya friji. Binti alikuwa ameliazima kwa siku tatu ili bibi yake apige nalo picha. Hakuna mwingine aliyegundua. Hata mimi, ninayelalamika kila msimu kwamba tumeonewa, safari hii tumeonewa kweli na sina habari.

Alianza na binti yake, jikoni, kabla ya kutuambia sisi. Binti alimjibu neno moja tu: "Kwani mama, nani kakuuliza?" Akaingia chumbani akafunga mlango. Mama Ratiba akapiga moyo konde, akaita vyuo vyote tisa, kwa simu tatu kila kimoja. Kikaoni akaweka mezani fomu ile, na juu yake barua ya kujiuzulu. Ni Filimbi aliyesema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alisema taratibu: "Dada, chukua barua yako. Tukikuacha uende kwa hili, nani tena atakuja kutuambia la kwake?" Mikono yote ikanyooshwa.

Binti alilileta kombe mwenyewe uwanjani kwetu, limesuguliwa likang'aa. Akampa mkono nahodha wangu, akaondoka bila kumtazama mama yake. Nyumbani mama na binti wakabaki wa kupeana salamu na funguo tu. Mama Ratiba alilia ofisini mle chini ya ngazi; ninaliandika hili kwa ruhusa yake.

Katika kilio hicho hicho alitunga kanuni ya sahihi mbili: msimamo hautoki mpaka ukaguliwe na vyuo viwili visivyohusika na mechi za wiki hiyo. Ligi tatu za jirani zimekuja kuinakili. Tunajivuna nayo, na tuna haki.

Ikapita miezi minane. Adhuhuri moja nilikuwa ofisini kwake nikijaza fomu, binti akaingia na sare yake ya uuguzi. Alikuwa ameandika dozi ya mgonjwa mmoja kwenye faili la mwingine. Aliligundua kosa mwenyewe, dawa haijatolewa bado, na hakuna aliyemwona. Angeweza kuchana karatasi akaandika nyingine. Badala yake alikwenda kwa msimamizi wa wodi akasema, akapewa onyo la maandishi. Alitueleza haya akiwa amekaa juu ya gunia la mipira. Kisha akamwuliza mama yake kama siku ile ya kikao na yeye miguu ilimtetemeka. Mama Ratiba akamjibu kwamba inamtetemeka mpaka leo. Nilichukua fomu yangu nikatoka, maana walikuwa wamekumbatiana na hapakuwa na nafasi ya mtu wa tatu.

Mama Ratiba, wakuu wa vyuo, makocha, waamuzi na wachezaji tunakushukuru kwa matokeo yote uliyoyaandika sawasawa, na zaidi kwa yale uliyoyakosea ukaja kutuambia mwenyewe. Ustaafu wako uwe wa afya na raha, dada yetu.