Kisoma Kadi cha Bei Chee

Benchi liko mbele ya duka la Kinyozi, mguu wake mmoja ni tofali, na lina sheria moja tu: kitu chochote kikifika hapo, kiwe redio, kiatu au cheti cha ndoa, lazima kipite mkono kwa mkono, na kila mkono una tiba yake. Wakili aliijua sheria hiyo. Jina lenyewe la Wakili alipewa na benchi, kwa kuwa anasoma chuo na hajawahi kuona hoja akaipita bila kuisalimia. Lakini siku hiyo hakuja kubishana wala kunywa kahawa. Alikuja na kadi ya memori na kisoma kadi cha bei chee alichonunua barabarani, kwa sababu kompyuta ya karibu ilikuwa ya Kinyozi, ile inayompigia muziki dukani, na ofisi ya shule ilikuwa inafungwa jioni hiyo hiyo.

Ndani ya kadi kulikuwa na picha za sare ambazo shangazi yake aliwashonea watoto wa majirani. Shangazi alikuwa ameomba kazi ya kushona sare za shule nzima. Kamati ya shule ikamjibu kwamba bei yake ni ndogo mno, na nguo ya bei hiyo itafumuka kabla muhula haujaisha. Alete picha za kazi yake leo, la sivyo apewe mwingine. Mpiga picha alishasafiri na kamera yake. Kabla ya kuondoka alichomoa kadi, ndogo na nyeusi, kama ukucha wa kidole gumba, akaivalisha ganda lake la plastiki, lile linaloikuza ienee kwenye kisoma kadi, ili isipotee, akamwekea Wakili mkononi.

Mlangoni tu, sheria ikamkamata. Antena, fundi redio, aliigongagonga kadi na ganda lake kwenye goti ili iamke. Profesa, ambaye hajawahi kufundisha popote isipokuwa kwenye benchi hilo, akaipuliza mbele na nyuma. Kinyozi akamalizia kwa kuisugua na brashi ya kufutia nywele shingoni. Ndipo ganda likaingizwa kwenye kisoma kadi, na kisoma kadi kikachomekwa kwenye kompyuta. Kitaa chekundu kikawaka. Kwenye kioo yakatokea maneno: Tafadhali ingiza kadi.

— Tumeshaingiza, Kinyozi aliiambia kompyuta kwa upole.

Wakachomoa, wakachomeka. Tafadhali ingiza kadi.

— Hicho kidude ulikinunua kwa nani, Wakili?

— Kwa mchuuzi, pale kituoni.

— Basi, kesi imekwisha, alisema Antena. Rahisi ghali, mwanangu.

Akaeleza kwamba vidude vya bei chee hufungwa waya mwembamba kuliko unywele, kwa hiyo picha hupita kwa kujibana, moja moja. Picha ya mtoto mmoja ingepita. Ya watoto watano waliosimama pamoja ndiyo iliyokwama na kuziba njia. Kinyozi akakataa. Alisema kompyuta yake imezoea kazi ya masikio, na ukiileta kazi ya macho ghafla inakasirika, kama mpishi aliyetumwa kuchimba kisima.

Profesa alisubiri mpaka wote wakanyamaza.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wahenga hawakusema jembe ni la watu tu. Hicho kidude kimefika leo. Kiacheni kikae, kizoee nyumba. Kesho kutwa kitasoma chenyewe.

— Ofisi inafungwa leo, Profesa.

— Ndiyo matatizo ya ofisi hayo. Hazijui kupokea wageni.

Wakili hakucheka. Alikuwa anamwona shangazi kwenye cherehani yake, akijifanya hasubiri. Akakitazama kile kitaa chekundu, na hasira ikampanda.

— Takataka. Kwa bei ile nilitegemea nini?

Maneno yalipotoka tu, akayatambua. Yalikuwa mawazo yale yale ya kamati, na jana yake tu alisimama mbele ya kamati hiyo akiuliza ni nani kati yao aliyewahi kuuvuta mshono wa shangazi akaona ukifumuka.

— Nafuta kauli, alisema. Hebu niambieni, nani hapa ana ushahidi kwamba hiki kidude ni kibovu? Ukiacha bei.

Antena alitaja tena bei, kwa maneno mengine. Hapo ndipo akaingia mteja, mwanamume wa makamo ambaye hakuna aliyemjua, aliyetaka kunyolewa tu. Alisimama nyuma yao, akasoma kioo, akachomoa ganda na kulichungulia ndani.

— Samahani jamani. Kadi yenyewe iko wapi?

Ganda lilikuwa tupu. Antena alikumbuka kwamba lilipotoka kwake lilikuwa zito. Profesa akasema yeye hupuliza kwa adabu. Macho yote yakahamia kwenye brashi, halafu taratibu yakashuka chini, kwenye nywele za vichwa vyote vya tangu asubuhi, nyeusi kama kadi yenyewe.

Wakili alikuwa wa kwanza kupiga magoti. Kinyozi akafuata, kisha Antena, na mwisho Profesa, akikunja suruali yake kwa heshima. Mteja akawamulikia kwa simu. Walichambua nywele kama watu wanaochambua mchele, mpaka vidole vya Wakili vikagusa kitu kigumu karibu na kizingiti. Mikono mitatu ikanyooshwa kuipokea kadi.

— Haipiti mkono wa mtu, alisema, akafumba ngumi.

Aliivalisha ganda mwenyewe na kuichomeka mwenyewe. Kitaa kikapepesa, na picha zikamiminika: kola, pindo, mshono wa mara mbili. Katika moja, mtoto alikuwa ananing'inia kwenye sketi ya dada yake kwa mikono yote miwili, miguu hewani, na mshono umetulia kama haukuambiwa kitu. Hiyo akaituma kwa kamati kabla ya nyingine. Waliingojea kompyuta, wakimalizia kahawa yao, hadi jibu likaja: Tumeziona. Mwambie fundi cherehani aje kesho asubuhi tuzungumze.

— Si nilisema, alisema Profesa, mgeni alihitaji kutulia tu.

Mteja alikuwa ameshakalia kiti cha kunyolewa.

— Kwa hiyo kidude kilikuwa kizima muda wote? Sasa kosa lake lilikuwa nini?

Benchi zima likainama kutafuta kahawa. Vikombe vilikuwa vitupu.

— Bei yake, alisema Wakili. Akakitia mfukoni, akatoka mbio kwenda kwa shangazi.