Maji Niliyoyamwaga Kakiika

Sogeeni, wanangu, kaeni mahali ambapo naweza kuziona nyuso zenu, kwa maana macho yangu hayafiki tena mlangoni. Natanaeli, kifungua mimba wangu, kaa kushoto. Umuhire, mwanangu wa mwisho, kaa upande wa mkono ambao bado una nguvu, na hiyo simu iache irekodi kila neno, hata nitakapokohoa. Mimi Yudita, mama yenu, niliyewatoa milimani Kivu ya Kusini mmoja mgongoni na mwingine nikimvuta mkono, nimefika siku ambayo mtu hasemi tena ili apendwe. Mali yangu ni kidogo, tutamaliza kuigawa kabla uji haujapoa. Kuna jingine zito, na hilo ndilo linaloniweka hai tangu Jumapili.

Nyumba hii na tangi la maji ya mvua ni vyako, Natanaeli, pamoja na shamba la mahindi hadi kwenye jiwe jeupe, na nasema hadi kwenye jiwe jeupe, si hatua moja zaidi. Ule ua wa minyaa ulioupanda mwaka juzi umeingia ndani ya fasi, ardhi yake Mukarukundo, mjane wa Rugamba, nami nilikuona ukiupanda nikanyamaza. Utaung'oa kwa mikono yako, na ujihadhari na utomvu wake usiingie machoni.

Umuhire, kibanda cha plastiki nyuma ya nyumba na mimea yote iliyomo ni yako. Watu wa hapa wanaiita maua ya jangwani, wanadhani jangwa ni moja, kwa hiyo wanaimwagia yote siku moja, kikombe kimoja kimoja kama wanaogawa dawa, kisha wanalia imeoza. Jangwa si moja, mwanangu. Mwalimu Kembabazi, yule mama Mnyankore aliyeniajiri bustanini kwake Kakiika, pale Mbarara, alinifundisha jambo hilo siku ya kwanza, akiwa ameshika chungu kimoja mkononi. Akaniambia, "Wewe Yudita, hii kitu hapana kujua kama iko Mbarara. Inafikiri bado iko kwao. Wewe uliza kwanza kwao mvua inakuja mwezi gani, ndio umwage maji."

Basi shika haya, kwa zile meza tatu za mimea. Meza ya kwanza ni dungusi, yaani kaktasi, na jamaa zake wa Meksiko. Kwao mvua huja na joto, kuanzia Juni mpaka Septemba, na miezi hiyo uinyweshe kweli, mpaka maji yatoke chini ya chungu, halafu usiiguse tena hadi kijiti ulichochomeka kwenye udongo kitoke kikavu. Ikifika Novemba, ipumzishe. Meza ya pili ni ya Madagaska; hiyo hunywa kuanzia Desemba hadi Machi, kisha huangusha majani ikabaki fimbo zenye miiba, na wewe utadhani imekufa. Haikufa, imelala, na aliyelala hanyweshwi. Meza ya tatu imetoka ukingo wa magharibi wa Afrika Kusini, ambako mvua hunyesha wakati wa baridi; hiyo huamka Mei, wakati sisi hapa kambini Nakivale tunaanza kula vumbi, na hulala Desemba. Mvua zetu zikija, ifunike, usiihurumie. Huruma isiyo na maarifa inaua, na mimi ninayewaambia nimeua.

Nisubirini kidogo. Pumzi.

Palikuwa na meza ya nne kule Kakiika, ambayo hapa hamjaiona. Juu yake Mwalimu aliweka mimea midogo kama kokoto, kila mmoja una midomo miwili tu iliyobanana, na yeye aliiita mawe yake. Alikuwa ameiotesha kutoka kwenye mbegu muda wa miaka kumi na moja, tangu mumewe alipofariki, na kila asubuhi aliisalimia kabla ya kutusalimia sisi. Mawe hayo, baridi ya kwao ikifika, Juni na Julai, yale majani mazee hunyauka yakakunjamana, kwa sababu majani mapya yaliyo ndani yanayanywa. Ndiyo chakula chao. Ukiyamwagia maji wakati huo, yanaoza yote, mazee na machanga.

Miaka tisa iliyopita, mwezi huo wa Juni, Mwalimu alikwenda Kampala kupasuliwa jicho, akakaa wiki tatu. Akatuachia bustani sisi wawili, mimi na Rugamba, aliyekuwa anachota maji na kukata majani. Mnamkumbuka Rugamba, sauti nzito ya kwaya yetu, mtu asiyeonja hata togwa iliyokaa siku mbili. Mwalimu alisema mawe yasiguswe mpaka arudi. Mimi nikayaona yamekunjamana kama ngozi ya kikongwe, nikaingiwa na huruma, na ndani ya huruma mlikuwa na kiburi pia, maana nilijiona nimekwisha kuwa fundi. Rugamba akanizuia. Akasema, "Mama Natanaeli, mwenyewe alikataza. Tuyaache tu." Nikamjibu, "Kazi yako ni kubeba maji, si kufikiri." Akaleta ndoo, kwa kuwa nilikuwa mkubwa wake, nami nikamwaga kwa mkono wangu huu. Vyungu arobaini na viwili. Siku ya nne ukiyabonyeza yalikuwa laini kama parachichi lililooza, na yalinuka.

Mwalimu aliporudi alisimama mbele ya ile meza na bandeji jichoni. Aliuliza tu, "Nani alimwaga maji hapa?"

Wanangu, maji yakimwagika hayazoleki, lakini neno lilikuwa bado mdomoni mwangu, nilikuwa na nafasi ya kulimeza. Umuhire, wewe wakati huo ulikuwa unalala kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya Mwalimu, kidato cha tatu, naye akikusomesha kama mtoto wake. Niliona begi lako limetupwa nje ya geti. Basi nikasema, "Ni Rugamba. Alikuwa amekunywa."

Rugamba, aliyekuwa amesimama pale pale, akanigeukia. Alinisemesha kwa lugha yetu ya nyumbani, polepole, kama anayemwamsha mgonjwa, "Mama, mwambie ukweli." Mimi nikaangalia chini. Akaondoka jioni ile bila barua, na nguo zake ndani ya mfuko wa sukari.

Ulimi hauna mfupa, lakini lile neno langu lilikuwa na miguu. Lilifika Nakivale kabla yake. Wazee wa kanisa walimwita, wakaniita na mimi kama shahidi, nikalirudia neno lile lile mbele ya Biblia. Wakamtaka atubu. Yeye akasema hawezi kutubu kosa asilolifanya, na kwa jibu hilo wakamtenga, asiimbe wala asishiriki meza ya Bwana. Kazi ya bustani hakuna aliyempa tena, mlevi nani atamfungulia geti? Akaenda kuchimba mchanga kwenye shimo moja upande wa Bwizibwera. Mvua za Oktoba zikaloanisha ukuta wa lile shimo, ukamwangukia. Walimtoa kesho yake.

Kwa kuwa alikufa akiwa ametengwa, hakuimbiwa. Alisomewa maneno machache, udongo ukarudishwa, watu wakatawanyika wakiwa kimya kama waliofukia mbwa. Na mimi nilikuwepo. Nilibeba sufuria ya maharagwe kuwalisha waombolezaji, na Mukarukundo akanishika mikono yote miwili, akanishukuru.

Umuhire, usilie hivyo, utanifanya nikate njiani. Wewe ulikuwa mtoto, ulikuwa umelala. Sikupi hatia, nakupa habari, ili usiipate kwa mtu mwingine. Ualimu wako ni wako, uliusomea. Mlango tu ndio ulioshikiliwa wazi na Rugamba, aliyebaki nje.

Miaka tisa nimepeleka mboga kwa mjane yule, nimempelekea kuni, nikajiambia ninalipa. Mwenye kovu usidhani kapoa. Wiki tatu zilizopita nilikwenda kwake nikamweleza yote, nikampa na mimea yangu yote kuwa fidia. Alinisikiliza akiendelea kupepeta mchele. Alipomaliza aliweka ungo chini, akasema, "Hiyo maua yako sitaki. Ulimusema bwana yangu mbele ya batu bote. Sasa unakuja kumusafisha nyuma ya nyumba yangu, fasi kuku tu ndiyo banasikia?"

Nikamwambia, "Mama, unataka nifanye nini?"

"Enda useme pale pale kwenye ulisemea."

Nikaahidi Jumapili. Jumapili ikafika, nikawaambia ninyi miguu imekataa. Miguu ilikuwa mizima. Jumapili ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ilikataa kweli, na tangu hapo sijasimama. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo haya mnayoyaona.

Natanaeli, usisimame. Najua unalotaka kusema. Ulikwisha kulisema juzi, baada ya mimi kukudokezea, ukidhani nimesinzia, kwamba aliyekufa amekufa, kwamba wewe sasa ni shemasi na watu watatucheka, kwamba wajukuu wangu wataitwa wa nyumba ya mwongo. Wataitwa. Na watoto wa Rugamba wameitwa wa nyumba ya mlevi kwa miaka tisa, mkubwa wao aliacha shule kwa ajili ya jina hilo, wewe ulisikia, ulicheka na wenzako. Kaa chini, mwanangu. Kaa. Mimi sikulei tena kwa fimbo, nakuomba.

Mtakayofanya ni haya. Nikikata roho, msinizike kabla kanisa halijakutana. Mpelekeni Mukarukundo mbele, kwenye benchi ya kwanza, akikubali; akikataa msimlazimishe. Natanaeli, ni wewe utakayesimama, si dada yako, kwa kuwa wewe ndiye mwenye kitu cha kupoteza, useme: mama yangu alimsingizia Rugamba, Rugamba hakunywa, hakumwaga. Halafu sauti yangu ya kwenye simu isikike. Waombeni wazee warudishe jina lake katika kitabu cha kwaya, na siku watakayotaka waende kaburini kwake wakamwimbie nyimbo zote alizonyimwa. Na mimi, wakisema nizikwe bila wimbo, msibishane nao. Msiombe hata ubeti mmoja.

Na mtu asimwambie Mukarukundo anisamehe. Hilo ni lake. Msiende kumzunguka na pole zenu mpaka achoke aseme ndiyo.

Maji, Umuhire... kidogo tu. Nilowanishe mdomo. Basi.

Mwezi huu ni Juni, ile meza ya tatu iko macho. Kesho asubuhi uinyweshe, hata kama nyumba ina msiba, yenyewe haijui msiba. Ile ya Madagaska usiiguse.

Nimesema. Nimesema yote? Ua wa minyaa, nimesema. Miguu imepoa, nifunikeni... hapana, acheni, siisikii.

Mungu aliyetuvusha mto Ruzizi usiku ule wa kukimbia awavushe ninyi pia. Awape kusema kweli mapema, ingali rahisi. Umuhire, ubarikiwe katika watoto unaowafundisha. Natanaeli, ubarikiwe... hata ukinikasirikia, ubarikiwe, mkono wako usikose chakula, mlango wako... mlango wako usikose mgeni. Amina. Semeni na ninyi, niwasikie.

Umuhire, nimekusikia.

Natanaeli... wewe bado.