Vumbi la Ovaroli

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu siku hizi haifiki mlangoni. Hafiz, punguza baridi ya hiyo eisii, inanguruma kunishinda. Rumaisa, acha vyombo, njoo ukae hapa ninapokuona uso. Gari la kunipeleka hospitali, kule Oud Metha, litafika muda si mrefu, na mimi Wahid bin Shee, baba yenu, sitaki kulipanda nikiwa na neno kifuani, kwani kifua chenyewe hakina tena nafasi.

Mnajua nilikuwa baharia, lakini nilichokifanya huko hamkijui, kwa sababu hamkuuliza nami sikusema. Ujanani niliandikwa Kilindini katika meli ya mizigo ya jeshi la majini la ng'ambo, iliyozipelekea manowari mafuta, unga na risasi. Tulivalishwa sare, tukaapishwa, kisha tukateremshwa chini kabisa kwenye boila, mimi na Hashir wa Pate, Mungu amrehemu. Mabomba ya mvuke yalizongwa kitu cheupe, na kazi yetu ilikuwa kukibandua palipovuja na kuzonga kipya. Kikikauka kilimeguka. Meli ikipigwa na mawimbi kilitudondokea kama unga, tukala nacho, tukalala nacho, na Hashir alikuwa akikifinyanga tonge akanirushia usoni, tukacheka. Asbesto ndilo jina lake. Sisi tuliita pamba. Hakuna afisa aliyetuambia tufunge hata kitambaa puani.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami siku zote nilidhani wanasema watu. Meli ikitia nanga nilirudi nyumbani Kibokoni na ovaroli yangu, na kabla mama yenu hajailoweka ilibidi ikung'utwe. Wewe Rumaisa ulikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka, na kazi hiyo uliigombania. Uliipiga kwa mpini wa ufagio pale uani, vumbi likapanda, ukanijia kope zote nyeupe ukasema, "Baba, nimekuwa bibi kizee." Nikakubeba mabegani. Zamani nikikumbuka hayo nilifurahi. Siku hizi yakinijia, jasho hunitoka hata kwenye baridi hii.

Mama yenu alikufa akitafuta pumzi, nami niko baharini. Niliporudi nilikuta matanga yamekwisha na mama yenu mdogo, Nana, amefukuzwa, kwa kuwa ami yenu alitangaza barazani kwamba Nana ndiye aliyemtumia dadake jini la kumkaba roho. Nilipinga mpaka sauti ikanikauka, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Hadi leo hamumpigii simu, na wewe Hafiz harusi yako ulimwacha nje. Basi nisikilizeni: hapakuwa na jini. Daktari wa hapa ndiye mtu wa kwanza kuniuliza, "Mzee, ujanani ulifanya kazi gani?" Nilipomweleza, aliweka kalamu chini, akaniuliza, "Na nguo zako alifua nani?" Tangu swali hilo sijalala usingizi wa kuitwa usingizi.

Wakili anasema jeshi lile linawapa mafao na matibabu askari wake wa zamani walioharibiwa na vumbi hilo, na hata watu wa nyumbani walioshika nguo zao, lakini linataka ushahidi wa nyama. Kipande kikatwe kwenye utando wa pafu langu, kikapimwe. Hafiz, ulisema, "Baba, kifua chako hakihimili kisu. Khalas, tumwachie Mungu." Ulisema kwa mapenzi, nami nikakubali upesi, maana naogopa. Naogopa hicho kisu, na zaidi ya kisu naiogopa dawa ya usingizi, nisije nikazama humo nisiamke, shahada haijanitoka kinywani.

Lakini juzi baada ya alasiri nilikuwa nimeegemea ukuta wa bafu nikitafuta pumzi, nikakusikia ndani ukikohoa, Rumaisa. Ulifungua bomba hadi mwisho ili maji yaifunike sauti. Mwanangu, mimi kikohozi kile nakijua. Ni kikavu, hakileti kitu, na kikikatika hufuata kimya cha mtu aliyejishika mbavu. Alikohoa hivyo Hashir, akakohoa hivyo mama yako. Usiinamishe kichwa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Huenda ni hii eisii tu, huenda ni vumbi la barabarani, na namwomba Mungu iwe hivyo. Lakini kama sivyo, nyama yangu ndiyo itakayosema kwamba sumu iliingia nyumbani kwetu kwa ovaroli yangu, na wale hawatapata pa kukukania. Siendi kukatwa kwa ajili yangu. Mimi mbio zangu zimeshafika ukingoni.

Kwa hiyo shikeni haya. Leo, mimi nikiingizwa chumba cha upasuaji, Rumaisa aingie chumba cha picha ya kifua. Usiniambie kesho, binti yangu; nimeshamwomba daktari, anakungoja. Madai ya jeshi msiyaache hata nikifa, mmoja akichoka mwenziwe apokee, na kitakachopatikana kianze na matibabu ya dada yako, Hafiz, kabla ya biashara yako ya Muraqqabat. Nyumba ya Kibokoni isiuzwe. Nana arudi akae humo mpaka siku yake, na wewe ndiye utakayempigia, leo, kabla hujajua yangu yameishaje. Usimzungushe maneno. Mwambie dadake aliuawa na vumbi, na kwamba tunamwomba radhi. Nikifia kwenye kisu, msimlaumu daktari, nimetaka mwenyewe. Mnizike hapa hapa ugenini, msinisafirishe...

Ngojeni. Nipumue.

Radhi yangu mnayo, nyote wawili... nzima nzima, haina kasoro. Mungu awape vifua vyepesi. Awape uzee... na wajukuu wa kuwasumbua. Awaepushe na kufichana. Mkigombana, mgombane asubuhi... jioni mle sahani moja...

Hiyo simu ni dereva. Hafiz, mwambie tunashuka, beba na mtungi wa hewa, taratibu... Rumaisa, vaa viatu. Unakohoa. Kohoa tu, mama, usigeuze uso, mimi nipo.

Lete mkono. Nishike hapa... Nami nikushike. Twende hivyo hivyo.