Miaka Thelathini na Sita Kwenye Mvuke wa Kanzu Nyeupe

Kwa heshima zote, na bila haraka, sisi wafanyakazi wa nyumba ya watawa tunatangaza kwamba kamba ya tatu ya kuanikia nguo, ile ya upande wa kanisa, haina tena mwenyewe. Hakuna bendera itakayoshushwa. Ila ijulikane kwamba tarehe 30 Juni dobi wetu, Mzee Povu, anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi.

Alikuja kwa wiki mbili tu, kumshikia zamu dobi aliyeugua. Mgonjwa akapona, akapata kazi kwingine. Mzee Povu akabaki. Amefua kanzu za maabate watatu, wakuu wa nyumba hii, na, kwa maneno ya mkewe, amepiga pasi nguo zote za dunia isipokuwa za nyumbani kwake.

Nani hajasimama pale uani mchana, jua likiwa limelegea, akaona kanzu arobaini zikiyumba kambani kama kwaya iliyosahau miili yake nyumbani? Zaburi inatoka dirishani, mvuke unatoka mlangoni, na hujui kipi kinapanda juu zaidi. Mimi mtunza stoo nimepotelea pale saa nyingi, nikidai nakagua sabuni.

Kengele ya sala ikilia, watawa huacha kazi papo hapo. Sisi waajiriwa hatulazimiki, lakini yeye aliinua pasi hata kama mkono wa kanzu umebaki nusu, akanyamaza. Nilimtania kwamba Mungu angeweza kungoja kola moja. Akanijibu kwamba Mungu anajua sana kungoja, ni mimi ndiye nisiyejua kuacha. Tangu siku hiyo nikawa nazima redio kengele ikilia. Mke wangu alidhani naumwa.

Ndivyo alivyotufundisha, sisi wenye watoto, wakwe na majirani wa kelele, kwamba maisha ya sala hayahitaji ukuta mrefu. Beseni alilishika kama kikombe cha altareni. Siri ya mtu aliisikiliza mpaka mwisho, na ukienda mtaani huikuti.

Lakini faili lake lina karatasi moja ya onyo. Kwa sababu hiyo ofisi imesema hatapewa cheti cha utumishi mwema, ambacho ni cha wenye faili safi tu. Yeye kacheka. Mkewe hakucheka, alikwisha kukitengea mahali ukutani.

Onyo ni la mkesha wa Pasaka, miaka kumi na tisa iliyopita, kanzu zote zilipotoka mashineni na rangi ya ufizi wa mtoto. Watawa wana desturi: aliyeharibu kitu hangoji kuulizwa, hupiga magoti mbele ya wenzake akasema. Mzee Povu si mtawa, lakini alikwenda chumba cha kulia, akapiga magoti, akasema nguo zimeharibika mikononi mwake. Pasaka ikaimbwa kwa kanzu za rangi ya waridi. Mgeni mmoja akasifu ubunifu.

Mzee wetu, asante. Tunakuombea pumziko lenye jua la kutosha, viungo visivyouma, na mke atakayekuvumilia kutwa nzima.

Sasa ukweli. Asubuhi ile, yeye akiwa kwenye ukimya wa sala, mimi ndiye niliyetumbukiza jezi yangu mpya nyekundu mashineni, ifuliwe kabla ya mechi. Nilisimama mlangoni mwa chumba cha kulia na katoni ya sabuni, nikamtazama akipiga magoti, nikanyamaza. Kunyamaza kwangu hakukuwa sala. Jioni niliikuta jezi kwenye droo yangu, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri. Hakusema neno siku hiyo, wala miaka kumi na tisa iliyofuata.

Juzi nilimpelekea Baba Abate maelezo haya kwa maandishi. Onyo limehamia faili langu, na cheti kimesainiwa. Kisha nikaenda chumba cha kulia wakati wa chakula, nikapiga magoti mbele ya watawa wote na mbele yake. Magoti yenyewe ni ya mtu wa miaka hamsini na minne. Kushuka nilishuka mwenyewe. Kuinuka, aliniinua yeye.